Fundi wa mabomba ya mvuke na dai lililochelewa miaka arobaini

Kwenye faili lake la hospitali kulikuwa na kila kitu isipokuwa kazi aliyoifanya. Uzito upo, presha ipo, makohozi yamepimwa tena na tena bila kukutwa kitu, dozi mbili za kifua kikuu amezimaliza bila nafuu. Kwenye nafasi ya kazi ya mgonjwa pameandikwa "mkulima". Si uongo. Kwao Uyole, Mbeya, nani asiye na robo eka ya viazi? Lakini kuanzia 1984 hadi 1999 mzee huyu alikuwa fundi wa mabomba ya mvuke kwenye kiwanda kimoja cha umma mkoani Mbeya, na kwa miaka yote hiyo alivuta vumbi la asbesto, madini ya nyuzi yasiyoshika moto.

Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria na mawakili wachanga wa Nyanda za Juu Kusini. Majina ya mzee, kiwanda, mkandarasi na hospitali nimeyaacha, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha nimeyabadili. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: dai la asbesto hufa au hupona kabla halijamfikia wakili. Hufia mezani kwa daktari na kwenye sanduku la nyaraka lililo chini ya kitanda. Sisi watu wa sheria tunapenda kuanzia kwenye hati ya madai, na kwa kesi za aina hii huko ndiko pa mwisho kabisa.

Kazi yenyewe

Boila ilizalisha mvuke, mvuke ukapita kwenye mabomba, na mabomba yakafunikwa ili joto lisipotee njiani. Kifuniko kilikuwa unga mweupe uliokuja kwenye mifuko. Waliukoroga na maji kwenye pipa lililokatwa nusu, wakaupaka kwa mikono juu ya bomba, kisha wakazungushia kitambaa. Kwenye milango ya boila waliziba kwa kamba nyeupe ya asbesto, na gasketi walizikata wenyewe kwa msumeno.

Kupaka kulikuwa na nafuu, kwa kuwa unga ulikuwa umelowa. Kubandua ndiko kulikokuwa kubaya. Kila mwaka kiwanda kiliposimama kwa matengenezo, mafundi walivunja kifuniko kikavu kwa nyundo na patasi, na chumba cha boila kikajaa ukungu mweupe. Jioni walipulizana ovaroli kwa upepo wa kompresa. "Tulikuwa tunachekana," aliniambia. "Mtu akitoka mle ndani amekuwa mzungu." Kinga waliyopewa ilikuwa maziwa, nusu lita kwa zamu, eti yanateremsha vumbi. Viwanda vingi vya enzi ile viligawa maziwa, na wafanyakazi waliyapenda, lakini maziwa huenda tumboni na nyuzi za asbesto huenda mapafuni.

Je, mwajiri wa 1984 alipaswa kujua? Alipaswa. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake wa Afrika Kusini walikwisha kuchapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, ile saratani ya utando wa mapafu, kutoka eneo la machimbo ya asbesto la Rasi ya Kaskazini, na wengine kati yao hawakuwahi kushika sururu mgodini. Waliishi karibu tu. Mwaka 1986, mzee akiwa na miaka miwili kazini, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 162 kuhusu usalama katika matumizi ya asbesto. Siku mtu akikuambia "zamani hakuna aliyejua", hizi tarehe mbili ziwe mdomoni.

Kiwanda kilibinafsishwa. Mzee akapunguzwa kazini 1999 akiwa na umri wa miaka 41, akalipwa kiinua mgongo, akarudi kulima na kufanya vibarua vya bomba mitaani. Hadithi ingeishia hapo, na kwa kweli dai pia lingeishia hapo, kama si jambo ambalo yeye mwenyewe aliliona dogo kiasi cha kulisahau alipokuwa akinisimulia.

Binti yake, anayeuza vitenge Mwanjelwa, ndiye aliyelikumbusha. "Baba, na ile kazi ya kubomoa uliyokwenda na kina mjomba?"

"Ile ilikuwa kibarua tu, mwanangu."

Kibarua hicho kilianza mwishoni mwa 2016 na kuingia 2018. Mwenye majengo mpya aliajiri mkandarasi kuondoa mabomba chakavu na bati za asbesto kwenye majengo ya kiwanda kilekile. Mkandarasi akatafuta watu wanaoyajua mabomba yale, na nani angeyajua kuliko walioyafunika? Mzee alirudi kubandua kwa patasi kifuniko alichokipaka kwa mikono yake akiwa kijana. Safari hii walipewa barakoa za kitambaa.

Kwa nini kibarua kilibeba dai lote

Hapa ndipo penye uzito wa kisa hiki, nami nitakaa hapo kidogo.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa 2008, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi Julai 2015 na kuanza kulipa mafao Julai 2016. Kabla ya hapo ilikuwepo sheria ya kikoloni ya fidia ambayo viwango vyake viliwekwa kwa shilingi za zamani na havikupanda, na mzigo wa kulipa ulimwangukia mwajiri moja kwa moja. Kwa hiyo miaka 15 ya vumbi zito haikuwa na mfuko wa kuilipia, na mwajiri wa miaka hiyo ameshafutika. Kibarua cha mwaka mmoja na ushee kilikuwa ndani ya zama za Mfuko, chini ya mkandarasi aliyesajiliwa na aliyekuwa akichangia.

Asbesto haina haraka. Mtu anaweza kuvuta vumbi akiwa na miaka 26 na kuanza kuhema kwa shida akiwa na 60. Sheria inauliza ulikuwa kwa nani na lini. Ugonjwa hauna tarehe ya namna hiyo. Wakili wa mkandarasi aliliona hilo upesi na hoja yake ilikuwa nzuri: asbestosi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, haiwezi kuzaliwa kwa kazi ya 2017 ikaonekana 2021 alipoanza kukohoa, kwa hiyo mzee alikuja kazini akiwa tayari mgonjwa.

Tulimjibu kwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa la kitabibu, na lilitegemea ni ugonjwa gani hasa uliogunduliwa. Mesothelioma kwa kawaida hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuanza kukutana na vumbi, na ingekuwa ndiyo, kibarua cha 2017 kisingetusaidia kitu. Asbestosi ni tofauti. Ni makovu ya mapafu yanayotokana na kiasi chote kilichoingia tangu siku ya kwanza, na kila kinachoongezeka huongeza makovu. Mapafu yaliyokwisha kuumia yakiongezewa mwaka mwingine wa vumbi kavu hupata madhara zaidi, na hayo zaidi ni ya mwajiri wa mwisho. Tulimwomba daktari aandike kweli yote: kwamba chanzo kikubwa ni miaka ya 1984 hadi 1999, na kwamba kazi ya 2016 hadi 2018 ilizidisha hali. Mwenzangu mmoja ofisini alitaka ile sentensi ya kwanza iondolewe. Nilikataa, na ningekataa leo. Historia yote ya ajira ilikuwa mezani. Daktari anayeficha nusu yake huangushwa kwa swali moja, na mgonjwa huanguka naye.

La pili lilitoka kwenye Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Mwajiri anatakiwa kuwapima afya wafanyakazi kabla ya kuanza kazi, wakiwa kazini na wanapoondoka. Tukamwandikia mkandarasi, nakala kwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, tukiomba matokeo ya vipimo vya mzee vya siku alipoanza. Kama alikuja mgonjwa, vipimo vingeonyesha. Havikuwepo, na vya kuondokea havikuwepo pia. Mtu ambaye hakupima mlangoni hana kifua cha kusema kilichoingia kilikuwa kibovu. Baada ya barua hiyo sauti ya wakili yule ilipungua sana.

Daktari aliyeuliza

Ugonjwa ulipata jina lake Novemba 2023, kwa bahati. Daktari kijana kwenye hospitali ya pili aliona ncha za vidole vya mzee zimevimba na kucha zimepinda kama kifuniko cha saa, akasikiliza mgongo, akasikia mikwaruzo chini ya mapafu yote mawili. Badala ya kuandika dozi ya tatu ya kifua kikuu akamuuliza: "Mzee wangu, ujana wako uliumalizia wapi?" CT-Scan ikaonyesha makovu sehemu za chini za mapafu na utando ulioota vibao vigumu. Kipimo cha kupuliza kikaonyesha pumzi imepungua sana.

Swali hilo moja ndilo lililoanzisha hesabu ya kisheria. Dai la ugonjwa wa kazini hupotea lisipotolewa taarifa ndani ya miezi 12, na kwetu hesabu ilianza siku ugonjwa ulipotambuliwa na daktari. Kikohozi cha 2021 hakikuhesabika, kwa sababu wakati ule hapakuwa na mtu aliyekiita asbestosi. Familia ilitufikia Februari 2024. Miezi mitatu ilikuwa imekwenda, sehemu yake kwa mganga wa Mbalizi na sehemu yake kwenye simu.

La simu nilitaje kidogo, maana litawakuta wengi. Binti aliandika jina la ugonjwa kwenye kitafutio, akajazwa matangazo ya mawakili wa Marekani wanaoahidi mamilioni ya dola. Hawakuwa matapeli wote. Marekani kuna mifuko ya amana iliyoundwa na kampuni za asbesto zilizofilisika. Ule wa Manville ulianza baada ya kampuni hiyo kuomba ulinzi wa mufilisi 1982. Lakini mifuko hiyo humlipa mtu anayeonyesha kuwa alifanya kazi na bidhaa ya kampuni husika. Mzee anakumbuka tu kuwa ile mifuko ya unga ilikuwa ya karatasi ya kaki, basi. Tulimwambia binti asitume picha ya kitambulisho cha baba yake kwa mtu yeyote.

Sanduku la chini ya kitanda

Kiwanda kimeuzwa, ofisi ya utumishi ikawa ghala, majalada hayajulikani yalikokwenda. Barua ya ajira ililiwa na mchwa. Tulichokipata kwenye sanduku ni kadi ya JUWATA, chama cha wafanyakazi cha enzi hizo, yenye stempu, cheti cha mfanyakazi bora wa Mei Mosi, na kadi ya PPF, mfuko wa pensheni wa mashirika ya umma.

Kadi ya PPF ndiyo iliyookoa jahazi. Mashirika ya umma yaliwachangia watumishi wao huko, na PPF ilipounganishwa na mifuko mingine kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, mwaka 2018 kumbukumbu zilihamia huko. Taarifa ya michango ilitoa jina la mwajiri, mwezi wa kwanza na mwezi wa mwisho. Msaidizi wa kisheria anayeshughulikia mtumishi wa zamani wa shirika la umma aanzie hapo, kabla hata ya kutafuta mashahidi. Kwa waliokuwa nje ya PPF kuna NSSF, iliyorithi ule mfuko wa akiba wa NPF.

Hati haikusema alikuwa fundi wa nini, hivyo tukahitaji viapo vya wenzake. Kati ya mafundi wa zamu yake tuliowapata hai, wawili walikuwa wanakohoa tulipokuwa tukiandika maelezo yao.

Upande wa kibarua ulikuwa mgumu kuliko nilivyotarajia. Mkandarasi alilipa kwa siku, kwa simu, na alidai mzee alifanya kazi wiki chache tu. Mzee alishabadili simu na ujumbe umefutika. Tulikwenda naye kwenye kampuni ya simu akaomba taarifa ya miamala yake ya miaka ile, ikatoka: kila Jumamosi, namba ileile, kiasi kilekile kasoro wiki za mvua. Karatasi hiyo ilithibitisha muda wa kazi na ujira kwa mpigo mmoja.

Kazi yote hii ilifanywa bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria hiyo hawaruhusiwi kusimama mahakamani, na hapa hapakuhitajika kusimama mahakamani. Nina shaka kama wakili wa kulipwa angekaa foleni ya kampuni ya simu na mzee anayepumzika kila hatua ishirini.

Kesi ambayo hatukuifungua

Familia ilitaka pia kukishtaki kiwanda cha zamani, na shinikizo lilikuwa kubwa, hasa kutoka kwa wadogo zake mzee. Nilieleza hivi. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu wa kufungua kesi chini ya Sheria ya Ukomo. Tungeweza kubishana kwamba hesabu ianze 2023, lakini Uingereza, ambako mahakama zetu hupenda kuchungulia, Mahakama ya Mabwana, ya juu kabisa kwao wakati ule, iliamua mwaka 1963 katika kesi ya Cartledge kwamba ukomo wa ugonjwa wa vumbi huanza madhara yanapotokea hata kama mgonjwa hajui. Majaji wenyewe hawakuufurahia uamuzi huo, na Bunge lao likabadili sheria mwaka huohuo. Hautufungi, ila upande wa pili wangeuleta siku ya kwanza.

Kisha, nani ashtakiwe? Shirika halipo. Njia ingepita kwa Msajili wa Hazina na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kwa notisi ya siku 90 na kesi Mahakama Kuu. Kijana mmoja wa chuo alinitajia kesi ya Lubbe, ya wafanyakazi wa asbesto wa Afrika Kusini zaidi ya 3,000 walioruhusiwa mwaka 2000 kuishtaki kampuni ya Cape huko London. Ni kesi nzuri, lakini walikuwa na kampuni mama iliyo hai, yenye fedha na anwani Uingereza. Sisi tulikuwa na ghala.

Tulishauri tusifungue. Mzee alikubali haraka kuliko ndugu zake. "Mimi nataka dawa na hewa," alisema. "Kesi watafungua wajukuu."

Asiyetajwa na sheria ya fidia

Mke wake alifua zile ovaroli kwa miaka 15, kwa mikono, akizikung'uta kwanza nje ya mlango. Tulipompeleka kupigwa eksirei, utando wa pafu moja ulionekana mnene. Hana asbestosi kwa sasa, na hana dai WCF, kwa kuwa Mfuko ni wa wafanyakazi na yeye hakuwahi kuajiriwa na yeyote. Njia yake ni ile ngumu ya uzembe niliyoieleza hapo juu. Tofauti yake na mumewe ni kwamba yeye hana mlango mwingine, kwa hiyo kwake tumeandaa faili. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ukomo kinampa waziri mwenye dhamana ya sheria mamlaka ya kuongeza muda, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, kwa kipindi kisichozidi nusu ya ukomo uliowekwa. Kwa miaka mitatu, nyongeza haizidi mwaka mmoja na nusu. Wengi wetu hatukitumii kifungu hiki kwa sababu tunadhani ni mahakama tu inayoongeza muda.

Dai lilipofikia

Taarifa na madai yaliingia WCF Agosti 2024. Waliomba nyaraka za ziada, hasa za kitabibu na za ujira, zikapelekwa. Mwaka 2025 ugonjwa ulikubaliwa kuwa umetokana na kazi, na ulemavu ukatathminiwa kuwa zaidi ya asilimia 30. Mpaka huo wa 30 ni muhimu: ukiishia hapo unalipwa mkupuo mmoja, ukivuka unapata pensheni ya kila mwezi. Mzee amevuka. Matibabu yake nayo yanagharimiwa, pamoja na mtungi wa oksijeni wa nyumbani.

Pensheni ni ndogo. Imekokotolewa kwa ujira wa kibarua, na wiki za mvua zilizomkosesha kazi zimeushusha wastani. Tunaona wiki hizo hazikupaswa kuhesabiwa, na tumeomba mapitio kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko. Tusiporidhika, rufaa ni kwa waziri wa kazi na kisha Mahakama ya Kazi. Wale wenzake wawili waliokuwa wakikohoa wameshapimwa. Mmoja alikuwa kwenye kibarua cha 2017 na dai lake limeingia. Mwingine aliacha kazi 1999 na hakurudi tena, na kwake bado tunatafuta mlango.